Bibi wa Ngomeni

Nilimwonea wivu Fundi kwa miaka saba, na sioni kwa nini nifiche. Watu wakisimulia habari za wazee waliowajua huanza na sifa na kumaliza na machozi. Mimi naanza na ukweli wangu: ziko Jumamosi nyingi nilimtazama mzee yule akicheka na mwanangu, nikaomba mashine yake ya kuchonga funguo iungue pale pale mezani.

Alikuwa fundi wa makufuli na funguo huko Marshalltown, katikati ya Johannesburg, meza yake ikigusana na yangu. Mimi nauza mikanda, kofia na makava ya simu. Jina alikuwa nalo, lakini simkumbuki mtu aliyelitumia. Wakongo walimwita Fundi, Warundi walimwita Fundi, na hata Wazulu waliokuja kuchongesha ufunguo wa geti walimwita hivyo hivyo, maana neno hilo na wao wanalo, kwao ni mtu anayelijua jambo mpaka mwisho wake. Basi mzee akiitwa kwa lugha yoyote, anasifiwa. Mimi waliniita "wa mikanda". Hata hilo liliniuma.

Alizaliwa lini na kwa nani, hayo siyajui wala sikuyatafuta. Ukimsikia tu ulijua ni mtu wa Unguja: shule kwake ni skuli, na akikataa jambo husema "hasha!" kwa sauti ya kumfukuza paka jikoni. Mimi ni wa Tanga, na sisi wa Tanga tunajua kwamba Kiswahili chetu hakina kasoro. Alikuwa mfupi, na kiangazi na kipupwe alivaa koti zito la sufu, la kijani, vifungo vyake vya pembe ya mnyama, alilotoka nalo Ujerumani. Januari, jua la Joburg linachoma lami, yeye kajifunga koti mpaka shingoni. Ukimwuliza anajibu, "Koti hili halijui kama tumehama."

Kabla ya kuchonga ufunguo aliunusa kwanza. Sijui alinusa nini. Mteja akimhimiza aliambiwa, "Mlango haukimbii, bwana," na mteja mwenyewe akikimbia, Fundi hakujali. Na mtu huyu aliyewafungia watu nusu ya jiji, chumba chake cha mtaa wa Troyeville hakikuwa na kufuli. Najua kwa sababu tulipanga yadi moja: mimi, mke wangu na mtoto vyumba viwili vya mbele, yeye kile cha nyuma karibu na bomba. Nilimwonya, "Fundi, hapa si Unguja, watakuibia." Akasema kitu chake cha maana ni koti, na wezi wakija watamkuta kalivaa.

Kwa watu wazima alikuwa mchache wa maneno. Salamu, bei, ufunguo, ile sharp ya huku, yaani sawa, kwaheri. Kumbe maneno yake yote alikuwa akimwekea mwanangu.

Nieleze basi habari za mwanangu, ndipo wivu wangu ueleweke. Zuhura amezaliwa hapa hapa Johannesburg. Mama yake, Nomsa, ni mtoto wa Soweto. Kwa mama yake anasema Kizulu, shuleni Kiingereza, na Kiswahili ndani ya nyumba kilikuwa changu peke yangu. Alikielewa chote, ila hakukijibu. "Zuhura, umekula?" "Yes, Baba." "Umeoga?" "Not yet." Miaka minane nilimsemesha Kiswahili, miaka minane nikarudishiwa Kiingereza. Nikawa najifariji kwamba watoto wa huku wote wako hivyo, mtazame wa Mkongo yule, mtazame wa Mrundi. Lakini moyoni nilitaka kitu kimoja tu duniani, mwanangu anisemeshe mimi kwa lugha yangu, na nilikuwa nimeanza kukubali kwamba sitakipata.

Jumamosi Nomsa huwa kazini dukani, kwa hiyo mtoto nilikwenda naye mezani. Siku moja mteja alileta ufunguo wa chuma wa zamani, wa nyumba kongwe huko upande wa Bezuidenhout. Fundi akaunusa, akamwonyesha Zuhura, akamwambia, "Huu mdogo. Ngomeni kwetu ulikuwako mrefu kama mkono wako."

"Ngome ni nini?" akauliza Zuhura.

Kwa Kiswahili! Mkanda niliokuwa namwonyesha mteja ukaniponyoka. Nilimgeukia mwanangu, naye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Fundi.

Hivyo ndivyo ngome ile ilivyoingia maishani mwetu, na mpaka leo haijatoka. Ujanani Fundi alikuwa baharia, akaacha ubaharia akapata kazi Ujerumani, katika ngome ya mabwana wa kale iliyojengwa juu ya kilima. Chini yake unapita mto mkubwa, na ng'ambo ya mto ni mashamba ya mizabibu. Jina la ngome alinitajia mara moja. Lilikuwa refu, nikalisahau makusudi. Historia yake aliisimulia vipande vipande, kati ya mteja na mteja, na kila kipande kilianza pale mashine ilipozimwa.

Bwana wa kwanza, alisema, hakujenga kilimani kwa kupenda upepo. Alifunga mnyororo mtoni, mashua ya mfanyabiashara isipite mpaka ilipe na yeye aseme ipite. "Yaani polisi wa barabarani," nikadakia. "Yaani mwizi mwenye farasi," akasema Fundi bila kunitazama. Zuhura akacheka, na hakuwa anacheka mimi nilichosema.

Bwana huyo alipokufa aliacha wana watatu, na hakuna aliyekubali kuuza fungu lake. Wakaishi humo humo wote, wao na wake zao na wajukuu zao, karne baada ya karne, kila ukoo na mnara wake, lakini geti moja, kisima kimoja, jiko moja. Wakaandikiana hati: ndani ya kuta hizi hakuna kuchomoa upanga, hata ukitukaniwa mama. Kila kijana wao akifikia umri alisimamishwa getini akaapa.

"Na nje ya geti?" akauliza Zuhura.

"Nje ya geti waliuana vizuri tu, mwanangu."

Ukoo mmoja na mwingine waligombea jiko hilo mpaka wanawake wakapiga mstari wa chokaa sakafuni. Sufuria ikivuka mstari imekwenda, ni ya ukoo wa pili. Mimi mwenyewe nilicheka, nusu nikitaka nusu sitaki, kwa sababu nyumba aliyotuachia marehemu baba pale Ngamiani, Tanga, tuliirithi ndugu sita, na mama yetu anakaa humo akitusuluhisha. Ningeweza kumsimulia Zuhura hayo siku ile ile. Sikumsimulia. Nilipanga kofia.

Tena kulikuwa na kisima. Kilichimbwa kwenye mwamba wa kilima, kirefu ajabu, na Fundi alipofika hapo alichukua kopo la maji akajifanya anamwaga. Kisha ananyamaza. Mteja anasubiri, mashine imezimwa, Zuhura kaziba mdomo kwa viganja viwili. Kimya. Kimya bado. Halafu: "Chwaa!" Mtoto anaruka juu. Alijua kabisa kwamba chwaa inakuja, na kila Jumamosi aliruka.

Mimi nilisema hiyo si ngome, ni boma, maana kwetu jengo la Mjerumani ni boma, kila mtu anajua. "Hasha," akasema Fundi. "Boma ni pale anapokuja kukutawala. Ngome ni kwao, anakolala." Tangu siku hiyo nikitamka boma nilisahihishwa na watu wawili.

Kati ya koo zote hizo, mwisho alibaki mwanamke mmoja. Jina lake na cheo chake Fundi hakuvitaja. Alimwita Bibi, kama watu wa kwao wanavyomwita mwanamke mwenye nyumba. "Bibi kaamka, kavaa makoti mawili." "Bibi kanambia, panda darini ukatazame." Ngome ilikuwa na vyumba zaidi ya mia, naye aliishi katika viwili, kwa baridi. Paa linavuja, ndoo zimepangwa ukumbini chini ya picha za mababu. Anakula supu ya viazi kwa kijiko cha fedha, kavaa glovu. Kazi ya Fundi ilikuwa makufuli, na kila alipofungua mlango uliokwama, Bibi alisimama nyuma yake akimweleza nani alilala chumba kile, nani alifia mle, nani alifungiwa na nduguye.

Watalii walikuja Jumapili, na Bibi mwenyewe ndiye aliyekaa getini kuwakatia tiketi, kajifunga kitambaa kichwani. Wakimwuliza, "Mwenye ngome yuko wapi?" anajibu, "Ametoka." Fundi aliposema "ametoka" alikunja uso ukawa wa ajuza kabisa. Eish, mzee yule alijua kusimulia! Hilo ndilo lililonikera zaidi. Angekuwa mwongo mbovu ningemsamehe.

Nilimtafutia dosari, nikaipata, nikaichomoa mbele ya mtoto. "Fundi," nikasema, "hao mabwana zako ndio waliowachapa babu zetu viboko hamsa ishirini. Mbona unawapamba?"

Akazima mashine. Akasema kwamba katika ukumbi ule, kati ya picha za mababu, ilikuwapo moja ya afisa kavaa sare nyeupe, nyuma yake mnazi. Alikuwa ami yake Bibi, na mnazi ule ulikuwa wa kwetu. Siku ya kwanza Fundi alipoiona aliigeuza ikatazama ukuta. Jumapili Bibi akaigeuza itazame watalii. Jumatatu Fundi akaigeuza. Jumapili Bibi akaigeuza. Wakaenda hivyo miaka, hakuna aliyemwambia mwenzake neno, na asubuhi Bibi anamkaribisha supu, naye anakunywa.

"Mwisho ikawaje?" akauliza Zuhura.

"Jumapili moja nimepita, nimeikuta bado inatazama ukuta. Bibi yuko getini, anakata tiketi. Sikumwuliza na hakunambia."

Zuhura aliinuka kwenye kreti langu, kreti nililomtandikia taulo ili asiumie, akaenda kukaa kwenye kigoda cha Fundi. Hakurudi tena kwenye kreti. Kila Jumamosi nililitandika taulo, na kila Jumamosi jioni nililikunja kama nilivyolitandika.

Nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu mtoto alianza kusema Kiswahili kidogo kidogo, lakini cha Unguja! Damu ya Tanga inaniambia, "Baba, kesho siendi skuli." Nikimwuliza kama ana njaa: "Hasha." Nomsa alicheka mpaka akakaa chini. "Si ulikuwa unalia hasemi Kiswahili?" akaniambia. "Sasa anasema, umenuna." Nikamwambia hiki si Kiswahili changu. Akasema, "Basi mpe chako."

Mwaka wa pili wa hadithi hizo, mwezi wa Septemba, shule za hapa zikiwaambia watoto waeleze asili yao, niliitwa na mwalimu wa Zuhura, mama mmoja mpole wa miwani. Nilikwenda nikidhani kuna ugomvi. Akanikaribisha kiti, akasita, akasema kwa Kiingereza cha adabu nyingi, "Baba Zuhura, samahani kuuliza. Ninyi ni wa ukoo wa kifalme?"

Akanionyesha bango lililobandikwa ukutani. Kilima, mto, ngome yenye minara mitatu. Getini amesimama mwanamke mweusi, kajitanda kanga, juu ya kanga kavaa makoti mawili, mkononi ana tiketi. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa za rangi, jina la mama yangu mzazi.

Mwalimu alinieleza kwamba darasa zima lilipiga makofi. Mtoto mmoja alimwuliza Zuhura kama yeye basi ni binti wa mfalme, naye akasema hapana, ngome ni ya warithi wengi, yeye ni mmoja wao tu. Mwalimu alitaka kujua kama bibi yake bado anasumbuliwa na baridi. Huko Tanga, jamani! Nilitamani ardhi inimeze.

Nyumbani nilimketisha mtoto. "Zuhura, nani alikwambia bibi yako ana ngome?"

"Fundi," akasema. "Fundi anasema Bibi. Na wewe ukiongea kwenye simu unasema, 'Bibi anakusalimia.' Bibi si mmoja?"

Kwa mama yake, mzaa mama ni gogo, kwa Kizulu. Bibi kwake ilikuwa neno la mtu mmoja tu duniani, mwanamke wa kwenye simu ambaye hajawahi kumwona, kwa sababu nimekaa huku miaka na miaka nikingoja karatasi zangu za ukaazi na sijarudi. Mwaka mzima na zaidi, kila Jumamosi, mwanangu alikwenda kwenye kigoda cha Fundi kusikiliza habari za mama yangu.

Nikamweleza kwamba Bibi wa ngomeni alikuwa mwanamke wa Kijerumani, alishakufa. Bibi yake yeye ni mwingine. Nilimwona akizifuta picha kichwani moja moja. Macho yakamjaa.

"Kwa hiyo Bibi hana ngome," akasema. "Ana nini?"

Nikafungua mdomo. Wallahi, sikuwa na kitu. Nilipitisha kichwani yote niliyowahi kumwambia mtoto huyu kwa Kiswahili tangu azaliwe: oga, kula, zima taa, funga mlango, usichelewe, mwambie mama yako. Kiswahili changu chote kilikuwa cha amri. Nikamwambia, "Ana nyumba." Akangoja. "Ina uwanja," nikasema. Akainuka akaenda chumbani kwake, na aliponipita alisema "Okay, Baba," kwa Kiingereza.

Asubuhi nilimvamia Fundi bombani, hata shikamoo sikumpa. "Ulijua?" nikamwuliza. "Ulijua kwamba mtoto anadhani unamsimulia habari za mama yangu?"

Alikuwa anajaza ndoo. Akafunga bomba. "Nilijua tangu mwezi wa pili wa kusimulia," akasema. "Aliniuliza kama Bibi anamkumbuka baba yake."

"Na hukumsahihisha!"

"Ningemsahihisha angenyamaza. Alikuwa anauliza kwa Kiswahili."

"Mzee, yule ni mtoto wangu!"

"Ni wako," akasema. "Mimi namchukua Jumamosi. Siku sita unazo wewe. Unamwambia nini?"

Nilimtukana. Sitaki kurudia nilichosema, maana alikuwa mtu mzima wa kunizaa. Alibeba ndoo yake akaenda zake, koti limelowa upande mmoja.

Nikamkataza Zuhura kuja mezani. Jumamosi nikampeleka kwa dada yake Nomsa. Miezi minne. Nilidhani nimemkomoa Fundi, na kweli alikonda. Mashine ikizimwa hakujua afanye nini, alikaa ananusa funguo zilizokwisha nuswa. Mimi nilifurahi, nasema kweli tupu. Lakini na mwanangu alinyamaza. Hata skuli, hata hasha. Kiingereza kilirudi nyumbani kikakaa. Nikajaribu na mimi kusimulia. Nilianza, "Bibi yako aliamka asubuhi, akachota maji, akapika," nikaona yeye mwenyewe anajikaza asipige miayo kwa kunionea huruma. Hadithi yangu yote iliisha maji hayajachemka kwenye birika.

Ulipoingia mwezi wa tano wa marufuku yangu nilimrudisha. Sikumwomba Fundi msamaha, nilimleta tu mtoto nikamwambia, "Kaa pale," nikaonyesha kigoda. Fundi akainama chini ya meza akatoa mfuko wa karanga, akampa, akasema, "Tuliishia darini." Basi. Na mimi nilifanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata Nomsa: nilisikiliza. Nilikaa na mikanda yangu shingoni nikamwibia mzee yule namna yake. Niliona kwamba hasemi "alikuwa mwema". Anasema alivaa makoti mawili. Niliona anakonyamaza. Nikirudi nyumbani, tukingoja robot, taa ya barabarani, iwake kijani, nilimwambia Zuhura kwamba bibi yake ana sanduku la mbao ambalo hakuna mtoto wake hata mmoja aliyewahi kulifungua, na ndugu yangu mkubwa alijaribu kwa msumari akapigwa kwa mwiko, mwiko ukavunjika, naye akaambiwa akanunue mwingine.

"Ndani mna nini?" akauliza. Kwa Kiswahili, na aliyeulizwa ni mimi!

Nilikuwa nimepata nilichotaka. Msinione mtu mzima, wivu haukuisha. Kila neno zuri alilonijibu nalo nilijua lilitoka kwenye kigoda kile. Mtu akinisifia, "Binti yako anasema Kiswahili safi," nilishukuru, na ndani nikaungua.

Mwaka huu Fundi alipata kiharusi. Meza yake ilichukuliwa na muuza miwani. Familia moja ya Dar ilimhifadhi kwenye chumba mtaa wa La Rochelle, hapa hapa Johannesburg, na Zuhura, ambaye sasa ana miaka kumi na mitano, alikwenda kumwona kila Jumapili. Upande wa kulia wa mzee ulikufa, na lugha zake zikaondoka: Kijerumani kilikwenda chote, Kiingereza kikafuata. Kikabaki Kiswahili peke yake, kizito kidogo, lakini kizima.

Hapo ndipo alipomwambia Zuhura kwamba ana binti. Alimwambia Zuhura, si mimi, na mimi nilikaa naye meza kwa meza miaka saba! Mama wa binti huyo alikuwa mwanamke wa kijiji kilicho chini ya kile kilima. Fundi hakumsemesha mtoto wake Kiswahili hata siku moja. Alimsemesha Kijerumani cha kuokoteza, ili asichekwe skuli, na aliyechekwa nyumbani akawa baba. Bibi alipokufa, ngome ikaenda kwa jamaa wa mbali, wakaigeuza hoteli. Fundi akarudi baharini, barua zikapungua, zikaisha. Zuhura alimtafuta binti huyo kwenye simu wiki nzima, akampata, akamwandikia. Akasema atakuja.

Tulikwenda kumpokea Jumapili, mimi na Zuhura. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, rangi ya maji ya kunde, pua ya Fundi kabisa. Kiingereza chake kilikuwa cha kunyooka. Tulipoingia chumbani, Fundi alikuwa amelazwa kwenye mito mitatu, kafunikwa lile koti. Zuhura akaenda moja kwa moja akakaa kitandani karibu na kichwa chake, mahali anapokaa siku zote. Yule mama akabaki amesimama miguuni, mkoba mkononi.

Alisema maneno kwa Kijerumani. Fundi akamtazama kwa bidii, machozi yakimtoka jicho moja, na hakuelewa hata moja. Akamgeukia Zuhura, akasema kwa Kiswahili, "Mwambie kafanana na mama yake, ila mikono ni yangu." Zuhura akatafsiri kwa Kiingereza. Akasema, "Mwambie nilikuwa nikimkumbuka kila nikinusa chuma, maana alikuwa akija kazini akanusa funguo na mimi." Zuhura akatafsiri. Wakaenda hivyo kitambo. Mwanangu alitafsiri vizuri, haraka, akimpangusa mzee mdomo katikati ya maneno, akimcheka kidogo, naye mzee akimcheka. Nilisimama mlangoni nimevimba kwa fahari.

Kisha Fundi akasema, "Mwambie namwomba radhi."

Zuhura akaanza, akakwama. Akanigeukia. "Baba, radhi kwa Kiingereza unasemaje?"

Nikatafuta. Kuomba samahani ni kidogo mno, hata kwa mtu uliyemkanyaga kwenye foleni utaomba. "Mwambie," nikasema, "ni kile ambacho kwetu mtoto ndiye humwomba mzazi wake kabla mzazi hajafa. Baba yake anamwomba yeye."

Zuhura akafikiri, akalisema kwa Kiingereza, polepole. Niligeuka kumtazama yule mama nione limemfikaje. Hakuwa anamtazama baba yake. Alikuwa anamtazama Zuhura, pale alipokaa, mkono wake ulipo juu ya koti, na alimtazama bila kupepesa.

"Anaongea nawe vizuri sana," akamwambia.

"Asante," akasema Zuhura, mtoto wa watu, akatabasamu.

Mimi jicho lile nililijua. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimeuza nalo mikanda. Sikuwahi kudhani nitalikuta kwenye uso wa mtu mwingine, linamtazama mwanangu.

"Zuhura," nikasema, "inuka hapo, mama. Mpishe mwenzio."

"Lakini Baba, nani atawatafsiria?"

"Inuka."

Akainuka, hakupenda. Yule mama akaweka mkoba chini, akakaa. Fundi akamshika mkono kwa ule wake mzima, akaanza kusema naye, Kiswahili kitupu, sentensi ndefu ndefu za Unguja, naye anaitikia kwa kichwa na wala haelewi hata neno. Zuhura akafungua mdomo ili atafsiri. Nikamfinya.